Safari Fupi za Mwalimu Mstaafu: Mwongozo wa Matembezi na Kutembelea Ndugu, Kilwa na Pwani ya Lindi

Mwalimu wa Tanzania, ambaye kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na umri wa miaka 60, au kwa hiari kuanzia miaka 55, huingia katika ustaafu akiwa na ukoo uliotawanyika kuliko ukoo wa mkulima au mvuvi wa rika lake. Sababu yake ni utaratibu wa ajira wenyewe: mwalimu hupangiwa kituo na Serikali, huhamishwa, huoa au kuolewa mbali na kwao, na watoto wake hukulia katika wilaya moja, wakasoma katika nyingine na kufanya kazi katika ya tatu. Kwa hiyo mstaafu anayeishi Kilwa Masoko anaweza kuwa na mdogo wake Mchinga, binti yake Mbagala na mashemeji Masasi, na kila mmoja wao anaamini kwamba sasa mwalimu ana nafasi ya kutosha.

Mwongozo huu unahusu safari fupi, yaani safari ya kuanzia saa chache hadi usiku wa nne nje ya nyumba. Safari ndefu zaidi ya hapo hugeuka kuwa kuhama kwa muda, nayo inadai maandalizi ya aina nyingine.

Kwa nini safari ipangwe kuanzia mwisho

Watu wengi hupanga safari kwa kuanza na siku ya kuondoka, kisha mambo ya kurudi wakayaacha yajipange yenyewe. Kwa kijana hilo halina madhara makubwa. Kwa mstaafu, kurudi ndiko kunakobana, kwa kuwa dawa zina idadi yake, pensheni huingia mara moja kwa mwezi, tarehe ya kliniki imeandikwa kwenye kadi, na mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao kwa watumishi wa umma ni PSSSF tangu mifuko ilipounganishwa mwaka 2018, una zoezi lake la uhakiki. Uhakiki ni utaratibu wa kuthibitisha kwamba mstaafu yu hai na ndiye anayestahili kulipwa, na asiyehakikiwa anaweza kusimamishiwa malipo. Kwenye pwani ya Kilwa huongezeka jambo la tano, nalo ni bahari, ambayo haimsubiri mtu.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu kabla ya kumwahidi mtu yeyote siku ya kufika:

1. Andika tarehe unayopaswa kuwa nyumbani, pamoja na sababu yake: kliniki, uhakiki, kikao cha ukoo au mavuno.
2. Hesabu siku moja nyuma kutoka tarehe hiyo. Siku hiyo ni ya akiba, nayo haipangiwi shughuli.
3. Tenga nauli ya kurudi na uihifadhi mbali na fedha nyingine. Fedha hiyo haiguswi, hata mwenyeji akipatwa na shida, kwa kuwa mgeni aliyekwama huwa shida ya pili.
4. Hesabu dawa za siku zote za safari, kisha ongeza za siku tatu.
5. Ndipo uchague siku ya kuondoka na umpigie simu mwenyeji.

Gharama za matembezi zitoke katika pensheni ya mwezi, zisitoke katika kiinua mgongo, yaani fedha za mkupuo anazolipwa mtumishi anapostaafu. Mwalimu aliyeanza kuchota mkupuo wake kwa ajili ya nauli na zawadi ataendelea kuchota, kwa maana safari za ndugu hazina mwisho.

Kuchagua majira

Mkoa wa Lindi, tofauti na Dar es Salaam na Tanga, kwa sehemu kubwa una msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo ndugu wa vijijini wako shambani tangu alfajiri, njia za ndani zina tope, na barabara kuu yenyewe inaweza kukatika, kama ilivyotokea mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliposomba sehemu za barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi na kuwaacha wasafiri pande zote mbili. Msomaji anayelazimika kusafiri katika miezi hiyo ampigie simu mtu aliyeko njiani, Somanga au Nangurukuru, jioni kabla ya kuondoka, wala asitosheke na neno la mkata tiketi.

Miezi mizuri ya kuwatembelea ndugu ni Juni hadi Oktoba. Ufuta huwa umevunwa, hali ya hewa ni ya ubaridi kidogo, na katika jamii nyingi za Wamwera, Wamachinga, Wamakonde na Wayao huo ndio wakati wa sherehe za jando na unyago, ambapo ukoo hukutana bila kuitwa mara mbili. Kuanzia Oktoba korosho huanza kuokotwa. Ndugu huwa na matumaini ya fedha lakini hawana muda, na mgeni mwenye busara hufika baada ya mnada, sio katikati ya kuokota. Anayetaka kuwachukua wajukuu asubiri likizo za Juni na Desemba, akikumbuka kwamba ile ya Desemba huangukia mwanzo wa mvua.

Mwezi Agosti una faida ya ziada kwa walio karibu na Manispaa ya Lindi: maonesho ya wakulima ya Nane Nane ya Kanda ya Kusini hufanyika katika viwanja vya Ngongo, na ni matembezi ya siku moja ambapo mstaafu mwenye shamba la mikorosho hurudi na jambo la kutumia.

Barabara: basi, kiti na maji ya kunywa

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alivuka mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na mvua ikizidi alilala njiani. Leo safari ya Dar es Salaam hadi Kilwa ni ya nusu siku. Wepesi huo umeleta kosa jipya: wazee hukaa kitini kwa saa tano au sita bila kuinuka, wakinywa maji kidogo kwa kuogopa kuomba basi lisimame ili wachimbe dawa. Mwili wa mtu mzima haupendi mambo hayo mawili kwa pamoja. Damu hutuama miguuni, miguu huvimba, na kwa baadhi ya watu huganda ndani ya mshipa na kuwa hatari kwa mapafu.

1. Kata tiketi siku moja kabla, na uchague kiti cha njiani, si cha dirishani, katika nusu ya mbele ya basi. Kiti cha nyuma kabisa hurushwa zaidi na kila tuta.
2. Kila baada ya nusu saa, nyoosha vidole vya miguu kuelekea mbele, kisha vivute kuelekea kwako, mara 20 kila mguu. Zoezi hili husukuma damu irudi moyoni.
3. Kunywa maji kidogo kidogo tangu mwanzo wa safari. Anayemeza vidonge vya kupunguza maji mwilini amuulize daktari mapema kama siku ya safari anaweza kuvimeza baada ya kufika. Asiviache kwa uamuzi wake mwenyewe.
4. Basi likisimama, shuka, hata kama huna haja.
5. Mwambie kondakta mapema, kwa sauti ya kawaida, kwamba utahitaji kusimama. Makondakta wengi humheshimu mtu mzima aliyewaambia mapema kuliko anayepiga kelele kwa ghafla.

Msomaji anayekwenda Kilwa kwa basi la Lindi au Mtwara akumbuke kwamba basi hilo haliingii Masoko. Atashuka Nangurukuru, kwenye njia panda, na kutoka hapo ataendelea kwa Noah, Hiace au bajaji kuelekea Kivinje au Masoko. Afike Nangurukuru jua lingalipo, kwa kuwa usiku magari madogo hupungua na nauli hupatanwa upya. Bodaboda iachwe kwa vijana. Mfupa wa nyonga uliovunjika katika umri wa miaka 65 si jeraha la wiki mbili.

> Kisanduku: Huduma za afya njiani
> Kwa upande wa Kilwa, hospitali ya wilaya, inayojulikana kama Kinyonga, iko Kivinje, si Masoko. Kwa upande wa Lindi, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Sokoine, iliyo mjini. Beba kadi ya bima, kitambulisho cha Taifa na karatasi moja yenye majina ya dawa zako na vipimo vyake, iliyoandikwa kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya simu ya mtoto mmoja anayepokea simu kwa uhakika.

Bahari: kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani

Matembezi yanayotamaniwa zaidi na wajukuu, na yanayowaumiza zaidi mababu wasiojiandaa, ni ya Kilwa Kisiwani. Kisiwa kiko ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari mbele ya Masoko, na macho humdanganya msafiri kwamba kazi ni ndogo. Kwa kweli kuvuka ni kwepesi. Kugumu ni kupanda na kushuka chomboni, na ugumu huo huamuliwa na maji.

Bahari hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku. Siku chache baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu huwa kuna bamvua, yaani kipindi ambacho maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani hii tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia meta 3 hivi. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti hushuka hadi meta 1 hivi na mkondo hupungua nguvu. Wakati wa bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake ni kwamba mgeni aliyeondoka Masoko saa tatu asubuhi siku ya bamvua atafika Kisiwani maji yakiwa yameondoka ufukweni, na atatembea katika tope, mawe na nyasi za bahari huku ameshika viatu mkononi. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Kwa mtu mwenye magoti mabovu, kwa hiyo, siku bora ni za maji mafu, ingawa wavuvi huzidharau. Kalenda ya Kiislamu, ambayo karibu kila nyumba ya pwani inayo, inatosha kuzitafuta: ni takriban tarehe 8 hadi 10, na tena tarehe 22 hadi 24, za mwezi wa kuandama. Saa za kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, hivyo kama leo maji yamejaa saa nne kamili asubuhi, kesho yatajaa saa tano kasoro dakika kumi, na keshokutwa saa sita kasoro dakika ishirini.

Upepo nao una hesabu yake. Kusi, upepo wa kusini unaotawala kuanzia Aprili hadi Septemba na kupata nguvu zaidi Juni hadi Agosti, kwa kawaida huzidi mchana; ndiyo maana katika miezi hiyo yafaa kuwa umerudi Masoko kabla ya saa saba. Kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, ni mpole zaidi lakini unaambatana na joto. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isikilizwe jioni na asubuhi, na ikitaja upepo mkali au mawimbi makubwa, safari iahirishwe bila mjadala na wajukuu.

Hatua za kuvuka ni hizi:

1. Siku moja kabla, fika katika ofisi ya magofu mjini Masoko uchukue kibali na kulipia kiingilio. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, husimamiwa sasa na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kiwango cha raia ni tofauti na cha mgeni kutoka nje, kwa hiyo beba kitambulisho.
2. Omba mwongoza watalii wa hapo hapo. Anajua vijia, visima na nyumba za watu; kisiwa si makumbusho tupu, kina kijiji na watu wanaishi.
3. Nenda ufukweni jioni hiyo hiyo umwone nahodha na chombo chake. Angalia kama kuna maji yanayojikusanya ndani, kama mbali na injini kuna kasia au tanga la akiba, na kama kila abiria ana jaketi okozi, yaani vazi la kuelea linalofungwa kifuani. Jaketi la mtoto liwe la mtoto.
4. Patana kwa chombo kizima, kwenda, kusubiri na kurudi, na utaje saa.
5. Siku yenyewe, ingia ukiwa na malapa yenye mkanda wa nyuma na suruali au kanga iliyopandishwa magotini. Simu na dawa ziwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Mapatano ya ufukweni huharibika kwa sababu ya adabu kuliko kwa sababu ya bei. Mwalimu huamkiwa kwanza, na heshima hiyo humfanya aone haya kuuliza. Mfano ufuatao unaonyesha jinsi ya kuuliza bila kuvunja heshima ya pande zote mbili:

— Shikamoo, mwalimu.
— Marahaba, mwanangu. Hujambo? Habari za bahari?
— Nzuri tu. Mnavuka kesho?
— Inshallah, mimi na bibi yako na wajukuu watatu. Maji ya kesho yanajaa saa ngapi?
— Saa nne na kitu.
— Basi tuondoke saa mbili na nusu, na saa sita utukute hapo Gerezani, kwenye ngome. Kwenda, kusubiri na kurudi unatufanyia shilingi ngapi? Na majaketi yako mangapi?
— Matatu, mwalimu, lakini naazima mengine.
— Azima leo, niyaone kabla hatujaagana.

Neno la mwisho ndilo lenye uzito. Jaketi litakaloazimwa kesho mara nyingi halipatikani.

Kupanda mashua kuna mbinu ambayo mabaharia huifanya bila kufikiri, lakini mzee aliyekulia bara hafundishwi na mtu. Usinyanyue mguu mmoja na kuuvusha juu ya ubavu wa chombo huku umesimama kwa mguu wa pili katika maji yanayosogea. Upe chombo mgongo, subiri wimbi lishuke, keti juu ya ubao wa ubavuni huku baharia amekushika mkono wa juu, si kiganja, kisha zungusha miguu yote miwili kwa pamoja kuingia ndani. Kushuka ni hivyo hivyo kwa kinyume. Mtu akitaka kukuvuta kwa kiganja, mkatalie. Kiganja chenye maji huteleza.

Kisiwani, jengo la kwanza karibu na mashukio ni Gereza, ngome iliyo mahali pale pale ambapo Wareno walijenga yao baada ya kuuteka mji mwezi Julai 1505, ingawa kuta zinazoonekana sasa kwa sehemu kubwa ni za enzi ya Waomani. Kutoka hapo hadi Msikiti Mkuu, ulioanzishwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye kwa nguzo, matao na kuba za mawe ya matumbawe, ni mwendo mfupi usio na kilima. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, iko mbali zaidi upande wa mashariki, kiasi cha kilometa moja na nusu au mbili, katika jua. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa utawala wa sultani huyo. Mwenye shinikizo la damu au magoti mabovu aishie msikitini na kuwaacha wajukuu waende Husuni na mwongoza watalii. Atakuwa ameona jengo lililo bora zaidi.

Mwalimu aliyefundisha historia ubaoni kwa miaka mingi atashawishika kutoa somo zima. Mtoto mwenye umri wa miaka kumi hubaki na jambo moja tu, na lililo bora ni sarafu: sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wataalamu hawajakubaliana zilifikaje. Mtoto aulizwe yeye anadhani zilifikaje, kisha aachwe aseme.

*Onyo.* Usipande juu ya kuta. Kuokota vigae, shanga au sarafu ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Matumbawe yaliyochakaa pia huachia ghafla, na ukuta wa karne saba hautoi ishara.

Songo Mnara, mji mwingine wa magofu ulio kisiwa cha kusini zaidi, una nyumba za mawe zilizohifadhika vizuri kuliko za Kisiwani, lakini safari ya chombo ni ndefu na mashukio yake hupita katika mikoko. Unafaa kwa mstaafu anayelima mwenyewe na kutembea kila siku. Wengine waridhike na picha watakazoletewa.

Matembezi yasiyohitaji chombo

Kilwa Kivinje husahauliwa na wageni, na kwa maoni ya mwongozo huu ndiyo matembezi bora ya mtu mzima katika wilaya nzima. Hakuna bahari ya kuvuka, mitaa ni tambarare, kuna vivuli na mahali pa kukaa na kunywa kahawa, na historia yake iko wazi machoni: mji wa karne ya 19 uliotajirika kwa pembe na kwa biashara ya watumwa waliotoka upande wa Ziwa Nyasa, boma la Wajerumani linalotazama bahari, na mahali paitwapo Mwembe Kinyonga, panapokumbukwa kwa waliotiwa kitanzi na Wajerumani, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya, mwaka 1895. Anayetaka kuendeleza somo hilo awaeleze wajukuu kwamba miaka kumi baadaye, mwezi Julai 1905, vita vya Majimaji vilianzia milima ya Wamatumbi, nyuma ya pwani hii hii. Saa tatu zinatosha. Mtu aanze asubuhi, amalizie sokoni kwa kununua samaki.

Mjini Lindi, kivuko cha kwenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba, huwapa watoto furaha ya bahari kwa nauli ndogo na kwa kupanda bila kulowa. Tendaguru, kilima kilicho kaskazini-magharibi mwa Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, haifai kwa safari fupi ya wazee: njia ni mbovu, na mifupa mikubwa, ikiwamo ile ya mnyama aliyesimamishwa makumbushoni Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya meta 13, haiko hapo. Habari yake isimuliwe forodhani Lindi, kwa kuwa ni bandari hiyo iliyopokea mizigo ya mifupa iliyobebwa na wapagazi vichwani kwa siku kadhaa.

Kuwatembelea ndugu bila kuwalemea

Mwalimu mstaafu anapofika kijijini hafiki kama mgeni wa kawaida. Ataombwa kuandika barua ya shule, kusoma hati ya kiwanja, kusuluhisha ugomvi wa mirathi na kumshauri kijana aliyeacha masomo, na yote hayo jioni ya kwanza kabla hajaoga. Kukataa ni ukorofi. Kukubali yote ni kuharibu safari. Njia ya katikati ni kutaja saa: "Kesho baada ya chai nitakaa hapa barazani, mwenye karatasi aje nayo." Katika mirathi na mipaka ya mashamba, soma na ueleze kilichoandikwa, lakini usiweke saini kama shahidi wa jambo ambalo hukulishuhudia.

Siku za kukaa zitajwe kwenye simu kabla ya kuondoka, na simu hiyo apigiwe mwenye jiko, yaani mke wa nyumba, si mtoto wako pekee. Mkwe aliyeambiwa "baba anakuja" saa chache kabla hawezi kuonekana na furaha, na wala hana kosa.

Zawadi za kutoka mjini ambazo hazileti wivu ni zile zinazoliwa na wote: sukari, mchele, majani ya chai, sabuni. Kanga apewe kila anayestahili au asipewe yeyote. Fedha taslimu apewe mtu mmoja mmoja, kwa siri, wakati wa kuaga, si wakati wa kufika.

Makosa yanayorudiwa mara nyingi:

- Kufika na mjukuu wa mtoto mmoja bila ruhusa ya wazazi wote wawili, au bila namba zao za simu.
- Kutegemea chandarua cha mwenyeji. Beba chako.
- Kuficha ugonjwa wa kisukari kwa aibu, kisha kula wali na chai ya sukari kila nyumba. Sema siku ya kwanza, mara moja, na jiko litajipanga.
- Kutuma fedha kwa namba ngeni baada ya kupokea ujumbe unaodai kutoka kwa ndugu aliyekwama njiani au kutoka kwenye mfuko wa pensheni. Piga simu kwa namba unayoijua. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote.
- Kurudi na ng'onda, yaani samaki waliokaushwa, katika mfuko wa nailoni. Tumia ndoo yenye kifuniko kinachobana, na uiweke chini ya basi, si juu ya kichwa cha abiria mwenzako.

> Orodha ya jioni kabla ya safari
> ☐ Dawa za safari na za siku tatu za ziada, katika mkoba wa mkononi
> ☐ Nauli ya kurudi, mahali pake peke yake
> ☐ Kadi ya bima, kitambulisho, karatasi ya dawa
> ☐ Miwani, na ile ya akiba
> ☐ Chandarua, tochi, malapa yenye mkanda
> ☐ Salio la simu na betri iliyojaa
> ☐ Jirani ameambiwa siku ya kurudi
> ☐ Kwa wanaovuka bahari: tarehe ya mwezi, saa ya maji kujaa, taarifa ya upepo

Baada ya kurudi

Ndani ya siku mbili, wapigie simu wenyeji, kisha andika katika daftari gharama halisi, jina la nahodha au dereva aliyekuridhisha, na saa za maji ulizozikuta, kwa kuwa kumbukumbu hizo hutumika tena mwaka unaofuata kwa tarehe zile zile za mwezi wa kuandama. Pima shinikizo la damu wiki hiyo hiyo. Mtu yeyote katika msafara, na hasa mtoto, akipata homa ndani ya mwezi mmoja tangu kulala vijijini katika ukanda huu, apelekwe akapimwe malaria siku hiyo hiyo, na mpimaji aambiwe mahali alipolala. Asipewe dawa iliyobaki kabatini kwa kukisia.